Jinsi ya Kutazama Tumbusi Wanaohama: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila mwaka mamilioni ya tumbusi huhama. Wengine huvuka jangwa la Sahara, wengine hushuka kutoka Kanada hadi Amerika ya Kusini, wengine huziacha nyika za Mongolia na kwenda kupitisha baridi kwenye rasi ya Korea. Wote husafiri karibu bila kupiga mabawa. Ndiyo maana anayetaka kuwaona inampasa aisome hewa kwanza, ndege baadaye. Ukijua hewa inapanda wapi, saa ngapi na kwa sababu gani, utajua pa kusimama. Usipojua, unaweza kukaa kilimani kutwa nzima na darubini ya bei kubwa ukikodolea anga tupu, huku mamia ya ndege wakipita nyuma ya mlima wa pili.

Hatua ya 1: Amua unamfuata tumbusi yupi

Duniani kuna aina 23 za tumbusi: 16 wa Afrika, Asia na Ulaya, na 7 wa mabara ya Amerika. Makundi haya mawili yanafanana sura na kazi, lakini si ndugu wa karibu. Wengi wao hawahami kwa maana halisi. Huzunguka eneo kubwa mno wakitafuta mizoga, kisha jioni hurudi kulala kwenye majabali au miti yao ileile. Ukimwona tumbusi mmoja anazunguka juu ya bonde, bado hujaona uhamaji.

Wapo wanaohama kikamilifu. Tumbusi wa Misri (Neophron percnopterus), mdogo, mweupe, mwenye uso wa njano, huzaa kusini mwa Ulaya, Mashariki ya Kati na kwingineko. Wale wa Ulaya huvuka kwenda ukanda wa Sahel, safari ya kilomita 3,000 hadi 5,000, na siku yenye hewa nzuri mmoja wao anaweza kupita kilomita 200. Upande wa pili wa dunia yuko tumbusi kichwa-chekundu wa Amerika (Cathartes aura). Wale wanaozaliwa Saskatchewan, Kanada, huenda kupitisha baridi hadi Venezuela.

Wapo ambao vijana ndio wasafiri na wazee hubaki nyumbani. Tumbusi kahawia wa Ulaya (Gyps fulvus) ni wa namna hiyo: wakubwa hukaa karibu na majabali yao ya kuzalia, na wale wa mwaka wa kwanza na wa pili ndio hushuka Afrika. Vijana wa tumbusi wa Himalaya huteremka kwenye tambarare za India na hata kufika Asia ya Kusini-Mashariki. Vijana wa tumbusi mweusi (Aegypius monachus) kutoka Mongolia ndio hao wanaoonekana Korea wakati wa baridi.

Kisha wapo wanaofuata chakula. Katika Serengeti na Maasai Mara, tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell husogea kwa kufuata nyumbu, na wengi hukusanyika Mara katika miezi ya kiangazi nyumbu wanapokuwa huko. Kalenda yao huandikwa na mvua na nyasi, kwa hiyo mwangalizi hufuatilia habari za nyumbu kabla ya kufunga safari.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuchagua kundi la kwanza. Tumbusi wa Misri na kichwa-chekundu wana majira yanayotabirika na njia zinazojulikana. Hao wengine wafuate ukishapata jicho.

Hatua ya 2: Isome hewa

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu yote yanayofuata yanasimama juu ya hatua hii.

Tumbusi ni ndege mzito mwenye mabawa mapana. Tumbusi kahawia wa Ulaya ana uzito wa kilo 6 hadi 11, na mabawa yake yakifunguliwa hufikia mita 2.3 hadi 2.8 kutoka ncha hadi ncha. Kuyapiga mabawa ya ukubwa huo kwa muda mrefu kungemmaliza nguvu. Badala yake hutafuta hewa inayopanda, huzunguka ndani yake hadi juu kabisa, kisha huteleza kwa mstari ulionyooka kuelekea anakokwenda, akishuka taratibu, mpaka akutane na hewa nyingine inayopanda. Kutwa nzima ni hivyo: kupanda, kuteleza, kupanda, kuteleza.

Hewa hiyo hutoka wapi? Jua likipiga ardhi, haliipashi moto kwa usawa. Mwamba mkavu, shamba lililolimwa, mteremko unaolitazama jua na mji wenye mapaa mengi hupata joto haraka kuliko msitu, ziwa au bonde lenye umande. Hewa iliyo juu ya sehemu hizo za moto huwa nyepesi, hukatika na kupanda kwa mafungu, kama mapovu katika sufuria ya maji yanayochemka. Jioni ardhi inapopoa, hewa hutulia na tumbusi hutua kulala.

Kutokana na hilo unapata saa zako za kazi. Alfajiri huna sababu ya kuwa kilimani, isipokuwa unataka kuwaona kwenye miti walikolala. Mara nyingi hewa huanza kupanda saa mbili au tatu baada ya jua kuchomoza, yaani mnamo saa 3 asubuhi katika nchi za joto, na kuchelewa zaidi kwenye baridi. Ndege mwepesi hutangulia. Tumbusi wa Misri mwenye kilo 2 huweza kutumia hewa dhaifu ambayo tumbusi kahawia bado anaiangalia tu kutoka jabalini. Kati ya saa 5 na saa 9 mchana hewa ina nguvu kuliko wakati wowote, na ndipo ndege hupanda juu kiasi cha kupotea machoni. Kwa hiyo usishangae ukiwaona wengi asubuhi, wachache adhuhuri, halafu wengi tena alasiri. Huenda adhuhuri walikuwa wengi kuliko saa zote, ila juu mno. Tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan tarehe 29 Novemba 1973 katika kimo cha mita zipatazo 11,300. Safari za kawaida haziendi huko, lakini tukio hilo linaonyesha hewa inaweza kumfikisha wapi.

Kuna hewa ya pili inayowapandisha. Upepo ukigonga ubavu wa mlima hulazimika kupanda juu. Tumbusi huufuata mgongo wa mlima kwa urefu wake wote, chini kiasi cha kuonekana hadi rangi ya macho. Siku ya mawingu mazito na upepo imara, wakati watazamaji wengine wameshakata tamaa na kubaki nyumbani, wewe nenda kwenye mgongo wa mlima uliokaa kingamo na upepo.

Bahari ndiyo kikwazo chao kikubwa. Juu ya maji yaliyo baridi kuliko hewa, mafungu yale ya kupanda hayaundiki, na tumbusi analazimika kuyapiga mabawa. Akichoka katikati, huanguka majini. Hivyo husogea pwani wakitafuta sehemu nyembamba kuliko zote za kuvukia, na hapo ndipo anga pana hugeuka kuwa mlango mmoja ambao maelfu hupitia.

Hatua ya 3: Chagua pa kusimama

Milango hiyo inajulikana.

Kati ya Hispania na Moroko uko Mlango Bahari wa Gibraltar, wenye upana wa kilomita 14 tu sehemu nyembamba. Hapo hupita tumbusi wa Misri na tumbusi kahawia. Upepo ndio huamua usimame wapi: ukivuma kutoka magharibi huwasukuma ndege kuelekea Jabali la Gibraltar lenyewe, na ukivuma kutoka mashariki huwapeleka upande wa Tarifa. Wanaohesabu huko husikiliza utabiri wa upepo usiku, ndipo waamue asubuhi waelekee wapi.

Wanaotoka Balkani, Uturuki na Kaukazi hupita mashariki ya Mediterania. Huzunguka Ghuba ya Iskenderun nchini Uturuki, hushuka hadi Suez, na hapo huingia Afrika. Wengine hushukia Bara Arabu na kuvuka Bab-el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, mlango wa kilomita 30 hivi. Njia hii ya kuzunguka ina sababu. Vijana wa tumbusi wa Misri kutoka Balkani, wanapokosa mkubwa wa kumfuata, wengi huelekea kusini moja kwa moja kupitia Ugiriki, hufika ncha ya nchi kavu na kuanza kuivuka Mediterania kwa mabawa yao wenyewe. Vifaa vya satelaiti walivyofungwa vimeonyesha wengi wao wakiishia baharini. Mimi hulikumbuka hilo kila ninapomwona kijana wa rangi ya kahawia akiteleza nyuma ya mzazi mweupe. Uzoefu wa yule mzee mbele yake ni uhai.

Katika mabara ya Amerika hakuna bahari ya kuvuka, lakini nchi yenyewe hujibana. Veracruz, Meksiko, milima husogea karibu na pwani na kuacha ukanda mwembamba wa tambarare. Kutoka Cardel na Chichicaxtle huhesabiwa zaidi ya ndege wawindao milioni 4 katika msimu mmoja wa kushuka kusini, na wengi wao ni wa aina nne tu, tumbusi kichwa-chekundu akiwa mmojawapo. Ndege haohao huendelea hadi Kéköldi nchini Costa Rica, kisha hupita juu ya kilima cha Cerro Ancón katika Jiji la Panama, ambako nchi ni nyembamba sana. Kama unaweza kwenda mahali pamoja tu maishani kwa ajili ya tumbusi wanaohama, nenda mojawapo ya hapa mwezi wa Oktoba.

Asia kuna Thoolakharka, Nepal, chini ya milima ya Annapurna, ambako tumbusi wa Himalaya hupita pamoja na maelfu ya tai wa nyika.

Kama uko mbali na milango hii yote, tengeneza kituo chako. Chukua ramani inayoonyesha vimo. Tafuta mgongo wa mlima unaoelekea kaskazini na kusini, au bonde linalobana kati ya safu mbili, au ncha ya nchi kavu inayochomoza ziwani. Kisha tafuta kilele chenye upeo mpana upande ambao ndege watatokea, ukiwa na jua mgongoni au ubavuni kwa saa nyingi kadiri inavyowezekana. Ukipata sehemu mbili zinazofanana, chagua ya chini kidogo. Kilele kirefu kupita kiasi hukufanya uwatazame ndege wakiwa chini yako, na ndege mweusi juu ya msitu wa kijani kibichi hupotea papo hapo.

Hatua ya 4: Panga tarehe, kisha ingojee siku

Gibraltar, tumbusi wa Misri hurudi Ulaya kati ya Februari na Aprili, wengi wao Machi, na hushuka Afrika Agosti hadi katikati ya Septemba. Tumbusi kahawia huchelewa: Oktoba na Novemba kushuka, na vijana wengi hurudi hata Mei na Juni, watu wengine wakiwa wameshafunga madaftari. Iskenderun na Suez, kwa tumbusi wa Misri, lenga Septemba. Veracruz ni kuanzia mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Novemba, na Panama ni Oktoba na Novemba. Kaskazini mwa Marekani tumbusi kichwa-chekundu hurudi Februari hadi Aprili. Mji wa Hinckley, Ohio, umekuwa ukisherehekea kurudi kwao katikati ya Machi tangu 1957. Korea ni kuanzia Novemba hadi Machi, na huko utakuwa unawatazama wakiwa wamefika.

Ndani ya msimu, siku hazifanani. Siku moja inaweza kubeba nusu ya ndege wa wiki nzima. Unayoitaka ni ile inayofuata mvua: anga limesafishwa, jua limetoka, upepo ni mwepesi na unavuma kutoka nyuma ya ndege. Mvua ikinyesha siku mbili au tatu mfululizo, tumbusi hurundikana nyuma yake wakisubiri, na asubuhi ya kwanza yenye jua wote huondoka pamoja. Upepo mkali wa mbisho huwazuia. Upepo wa ubavuni huwasukuma upande mmoja, na pwani huweza kuwaleta juu ya kichwa chako au kuwapeleka mbali kabisa.

Siku ya anga la buluu tupu hupendeza kwa mandhari lakini ni ngumu kwa kazi hii. Macho hayana pa kushika, na ndege wa juu hawaonekani. Ombea mawingu meupe ya mafungu-mafungu. Kila fungu limekaa juu ya hewa inayopanda, na ndege akipita chini yake huonekana kama nukta nyeusi kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Beba vichache

Darubini ya macho mawili ya 8x42 au 10x42 inatosha. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mimi napendelea ya 8 kwa kusaka, maana inaona eneo pana na haitetemeki sana mkononi. Darubini kubwa yenye stendi ya miguu mitatu ni msaada wa kutambua ndege wa mbali, ila si lazima. Ongeza dira, daftari na penseli, kihesabio cha kubonyeza, kofia, maji ya kutosha, na kiti cha kulalia nyuma. Hicho kiti usikidharau: shingo ndiyo huwatoa watu kilimani kabla ya saa.

Usielekeze darubini kwenye jua hata kwa nukta moja. Jicho huungua bila maumivu yoyote ya kukuonya, na halirudi. Ndege akizunguka kuelekea jua, mwachie. Msubiri atokee upande wa pili.

Hatua ya 6: Saka anga kwa utaratibu

Kutazama huku na huku hakuleti kitu. Anza na macho matupu, pitia upeo wote kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha inua darubini na upitie mstari huohuo polepole, ukiacha upana wa darubini moja juu ya vilima. Ukimaliza, panda kidogo na urudi kutoka kulia kwenda kushoto. Halafu kingo za mawingu, moja baada ya nyingine. Mwisho kabisa juu ya kichwa chako, ambako watu husahau na ambako ndege wengi hupita bila kuhesabiwa.

Ukimwona mmoja anazunguka, usimwache haraka. Tumbusi huangaliana. Anayeteleza peke yake humwona mwenzake wa mbali akipanda, hubadilisha njia na kwenda kujiunga naye. Dakika chache baadaye mmoja amekuwa ishirini. Ukishajua juu ya mwamba au shamba gani wanapandia, rudi hapo kila baada ya dakika chache, kwa sababu wafuatao watapandia palepale mpaka jua lihame.

Hatua ya 7: Watambue kwa umbo

Kwa mbali rangi hudanganya. Anza na umbo na mwendo.

Tumbusi dhidi ya tai: kichwa cha tumbusi akiruka ni kidogo, kimezama kati ya mabega, na mkia ni mfupi ukilinganisha na mabawa. Tai ana kichwa kinachochomoza waziwazi mbele na mkia mrefu zaidi. Mabawa ya tumbusi mkubwa ni mapana kama ubao, na manyoya ya nchani yametawanyika kama vidole.

Tumbusi kahawia wa Ulaya huinua mabawa kidogo kwa umbo la V anapozunguka. Ukingo wa nyuma wa bawa umejipinda, umevimba katikati na kuwa mwembamba karibu na mwili. Chini, sehemu ya mbele ya bawa ni ya kahawia hafifu, na manyoya ya kurukia ni meusi. Tumbusi mweusi ni mweusi wote, na mabawa yake hukaa bapa au kulegea kidogo nchani, kingo zake mbili zikiwa karibu sambamba. Ukiwaona wawili hawa katika mzunguko mmoja, tofauti ya jinsi wanavyokaza mabawa huonekana kabla ya rangi.

Tumbusi wa Misri aliyekomaa ni mweupe mwenye manyoya meusi ya kurukia, na mkia wake una umbo la kabari. Anayekuchanganya ni korongo mweupe, ambaye ana rangi zilezile na hupita njia zilezile kwa maelfu. Tazama shingo na miguu: korongo hunyoosha shingo mbele na miguu yake mirefu hupita mkia. Usiwahesabu korongo mia mbili bila kuwachambua. Mara nyingi kati yao yumo tumbusi mmoja.

Tumbusi kichwa-chekundu hubeba mabawa kwa umbo la V la wazi na huyumba upande huu na huu, kana kwamba hajatulia. Chini, manyoya yake ya kurukia ni ya rangi ya fedha na sehemu ya mbele ya bawa ni nyeusi. Jamaa yake, tumbusi mweusi wa Amerika (Coragyps atratus), ana mkia mfupi sana, madoa meupe kwenye ncha za mabawa, na hupiga mabawa mara kadhaa kwa haraka kabla ya kuteleza. Katika makundi ya Amerika angalia pia mwewe mmoja (Buteo albonotatus) ambaye huruka kwa namna inayofanana sana na tumbusi kichwa-chekundu, akayumba vilevile. Milia ya mkia na kichwa chenye manyoya ndivyo humtofautisha.

Umri nao uandike, kwa sababu unaeleza mengi. Kijana wa tumbusi wa Misri ni wa kahawia iliyokolea, na huchukua miaka kama mitano kuwa mweupe. Kijana wa tumbusi kahawia ana kola ya manyoya ya kahawia shingoni na mdomo mweusi. Mkubwa ana kola nyeupe na mdomo wa rangi hafifu. Kichwa-chekundu akiwa mdogo, kichwa chake ni cha kijivu. Msimu wa kushuka kusini, idadi ya vijana ndiyo ripoti ya jinsi uzazi ulivyokwenda mwaka huo.

Hatua ya 8: Hesabu bila kujidanganya

Usihesabu ndege walio katika mzunguko. Wanapishana, wanafichana, wengine wanaingia na wengine wanatoka, na utapata namba tofauti kila ukijaribu. Subiri wafike juu. Hapo huacha kuzunguka na kutoka mmoja baada ya mwingine, wakiteleza kwa mstari. Mstari huo ndio unaohesabika.

Chora mstari wa kuwaza angani, kutoka mlima mmoja hadi alama nyingine isiyohama. Anayeuvuka kuelekea upande wa safari anahesabiwa. Anayeuvuka akirudi anatolewa. Asiyeuvuka hayumo, hata kama amekaa mbele yako saa nzima. Kanuni hii ni ya lazima hasa kwenye milango ya bahari. Tumbusi kahawia hufika pwani kwa mamia, wakajaribu, wakaona hewa haitoshi, wakarudi nchi kavu, na saa moja baadaye wakajaribu tena. Mtu asiyetoa wanaorudi ataandika elfu mbili mahali penye mia nne. Hapo pwani tazama mpaka ndege wapotee upande wa pili, kwa sababu wengine hugeuka wakiwa wameshaingia baharini, mara nyingi wakisumbuliwa na shakwe.

Wakiwa wachache, mmoja mmoja. Wakifika mamia, hesabu kumi kwa makini, tazama urefu ambao hao kumi wamechukua kwenye mstari, kisha endelea kwa makumi. Wakiwa maelfu, fanya vivyo hivyo kwa mia. Jipime: piga picha ya kundi, andika makisio yako, kisha nyumbani hesabu nukta kwenye picha. Watu wengi hukisia makundi makubwa kuwa madogo kuliko yalivyo, na dawa yake ni kujipima hivi mara kwa mara.

Wakazi wa eneo ndio mtego mwingine. Tumbusi wanaoishi hapo huenda na kurudi, huruka chini, hubadilisha mwelekeo, hushuka kuangalia kitu bondeni. Mhamaji huja kutoka upande mmoja, hupanda, na huondoka upande uleule wa wenzake waliotangulia. Ukibaki na shaka, mwandike kwenye safu yake ya pekee ya wasiojulikana.

Mkiwa wawili, gawaneni anga kwa alama zinazoonekana na kubaliana kwa sauti nani anachukua kundi lipi.

Hatua ya 9: Andika, hata pasipokuwa na ndege

Gawa siku kwa saa. Kwa kila saa andika aina, idadi, mwelekeo, umri, na kimo kwa kipimo rahisi: wanaonekana kwa macho, kwa darubini tu, au kwenye kikomo cha darubini. Ongeza upepo unatoka wapi na una nguvu gani, mawingu, joto, na upeo wa kuona. Saa isiyo na ndege iandike sifuri. Kwangu sifuri ni namba yenye thamani sawa na elfu, maana bila hiyo hakuna atakayejua kama ndege hawakupita au wewe hukuwepo.

Tumbusi mwenye kibao cha rangi bawani, pete mguuni au kifaa mgongoni, mpige picha nyingi hata zikiwa na ukungu. Andika rangi ya kibao, herufi na namba, na kama kiko bawa la kulia au la kushoto. Kisha peleka habari kwenye ofisi inayoshughulikia uwekaji pete wa ndege katika nchi uliyopo.

Usikaribie majabali wanakozaa wala miti wanakolala. Usirushe droni. Tumbusi aliyeshtuliwa jioni hupoteza kimo ambacho hatakipata tena mpaka kesho. Ukikuta mzoga uliozungukwa na tumbusi waliokufa, usiguse chochote, wala mzoga wala ndege: huenda kuna sumu. Piga picha kwa mbali, weka alama ya mahali kwenye simu, na wajulishe wahifadhi wanyamapori mara moja, kabla wengine hawajashuka kula.

Chini ya nyaya za umeme napo patazame unapotembea. Karibu na Port Sudan kulikuwa na laini ya umeme iliyojengwa katika miaka ya 1950, na nguzo zake ziliwaua tumbusi wa Misri wahamaji kwa mamia, mwaka baada ya mwaka. Watu walipita chini yake, wakahesabu mizoga, wakaandika, wakarudi miaka mingi baadaye wakahesabu tena. Mwaka 2014 laini hiyo ilikatwa. Ukikuta ndege aliyekufa chini ya nguzo, andika aina ya ndege, idadi, tarehe, umbo la nguzo na namba iliyobandikwa juu yake.

Jioni hiyohiyo, kabla ya kulala, nakili daftari lako na upeleke hesabu kwenye hifadhidata ya wazi kama eBird, au kwa kituo cha kuhesabia kilicho karibu. Taja saa uliyoanza, saa uliyomaliza, mlikuwa watazamaji wangapi, na mstari wenu wa angani ulipita kati ya alama zipi, ili atakayesimama hapo mwaka ujao ahesabu kwa mstari uleule.